"Kushtakiwa" Maana Yake Nini? Gemu za Mashabiki, Notisi na Kesi

Juzi mpwa wangu alinieleza kwa uhakika kabisa kwamba yule bwana wa Argentina aliyetengeneza AM2R, gemu ya kompyuta ya kishabiki inayotokana na gemu ya kampuni ya Nintendo ya Japani, "alishtakiwa na Nintendo akashindwa kesi." Si yeye wa kwanza. Nimelisikia jambo hili mara nyingi, na karibu kila mara kutoka kwa mtu anayezipenda gemu hizi na anayemwonea huruma huyo bwana. Huruma anaistahili. Ila kesi haikuwepo, na hakuna aliyeshindwa, kwa sababu hakuna hakimu aliyeombwa kuamua chochote.

Tumalize maana kwanza. Gemu ya mashabiki ni ile ambayo wapenzi wa gemu fulani wameitengeneza wenyewe, kwa wahusika, ramani, muziki au jina la kampuni, bila kibali, na mara nyingi huitoa bure. Bure haiwi kinga, maana hakimiliki haiulizi kama uliuza. Kampuni ikiamua kuizuia ina njia tatu: wakili wake amwandikie mtengenezaji barua ya kumtaka aache, au ipeleke notisi kwa tovuti inayohifadhi mafaili ili yaondolewe, au ifungue kesi mahakamani. Zote tatu tunaziita "kushtaki", na hapo ndipo ninapotaka tukae kidogo.

Neno shtaki tumelipata kutoka Kiarabu, ishtaka, yaani kulalamika. Waarabu hadi leo huita lalamiko shakwa. Mtoto anaposema "nitakushtaki kwa mwalimu" analitumia neno katika maana yake kongwe kabisa: nitalipeleka lalamiko langu kwa mtu wa tatu mwenye uwezo wa kuamua kati yangu na wewe. Mtu wa tatu huyo ndiye kiini cha neno. Mtoto akimwambia mwenzake "acha!" hajamshtaki, hata akisema kwa ukali namna gani. Ni lazima pawe na mwalimu, mzee, kadhi, hakimu, mtu fulani wa kusikiliza pande mbili. Barua ya wakili ina watu wawili tu ndani yake, anayelalamika na anayelalamikiwa.

Baadaye lugha yetu ya sheria ikalibana neno zaidi. Mkurugenzi wa Mashtaka hushughulika na jinai, na mshtakiwa ni yule anayesimama kizimbani. Mtu anayedai haki yake kwa mtu mwingine hufungua shauri la madai. Yeye ni mdai, mwenzake ni mdaiwa, na karatasi inayoanzisha safari hiyo ni hati ya madai. Magomvi ya kampuni na mashabiki, yakifika mahakamani, kwa kawaida ni ya aina hii. Gazeti likiandika kwamba kampuni "imemshtaki" fulani wakati hati ya madai imeshapokelewa, sina ugomvi nalo, kwa sababu hakimu ameshaitwa. Ugomvi wangu ni pale ambapo hakuna mahakama hata moja iliyofunguliwa faili.

Notisi nayo tunaijua vizuri kuliko tunavyodhani. Mpangaji akipewa notisi na mwenye nyumba hajafukuzwa na mahakama. Ameambiwa nia ya mwenye nyumba, basi. Tanzania, anayetaka kuidai serikali mahakamani huanza na notisi ya siku 90, na jina lake lenyewe linasema wazi kwamba ni notisi ya kusudio la kushtaki. Kusudio. Hakuna Mtanzania anayemwona mtu aliyetoa notisi ya siku 90 akasema kesi imekwisha. Kwa nini basi Nintendo ikituma notisi tunasema mtu ameshindwa?

Turudi kwa AM2R. Mtengenezaji wake, Milton Guasti, aliijenga upya Metroid II, gemu ya Nintendo ya mwaka 1991 iliyochezwa kwenye kifaa cha mkononi cha Game Boy, kwa karibu miaka kumi, katika muda wake mwenyewe. Aliitoa tarehe 6 Agosti 2016, siku ambayo Metroid ya kwanza ilitimiza miaka 30. Muda mfupi tu baada ya hapo viungo vya kupakulia vikaanza kutoweka, kwa sababu tovuti zilizoihifadhi zilikuwa zimepokea notisi chini ya DMCA, sheria ya hakimiliki ya Marekani ya mwaka 1998. Mwezi uliofuata Guasti akatangaza kwamba anaacha kuiendeleza. Mwaka 2017 Nintendo ikatoa toleo lake jipya la gemu hiyohiyo. Guasti alikuja kuajiriwa na kampuni ya gemu ya Moon Studios, akashiriki kutengeneza gemu yao, Ori and the Will of the Wisps. Katika mlolongo huo wote hutapata jina la mahakama.

Notisi ya DMCA hufanya kazi hivi. Haihitaji kuelekezwa kwa mtengenezaji. Inaelekezwa kwa tovuti au kampuni ya seva. Sheria inaiambia tovuti: ukiondoa haraka kitu kilicholalamikiwa, hutabebeshwa kosa la mteja wako. Tovuti haiulizi nani ana haki, inaondoa. Mtengenezaji ana ruhusa ya kujibu kwa notisi yake ya kupinga, na akishaituma, kilichoondolewa hurudishwa baada ya siku 10 hadi 14 za kazi, isipokuwa mlalamikaji awe amefungua kesi. Ila ili upinge ni lazima uandike jina lako na anwani yako, na ukubali mamlaka ya mahakama ya shirikisho ya Marekani. Kule, anayekutwa amevunja hakimiliki kwa makusudi anaweza kutozwa hadi dola 150,000 kwa kazi moja. Kijana aliyetengeneza gemu usiku chumbani kwake hawezi kucheza na hesabu hiyo. Ananyamaza. Ukimya wake ndio tunaouita kushindwa kesi, na naona tunamwonea. (Kenya nayo iliweka utaratibu wa notisi za kuondoa kazi katika sheria yake ya hakimiliki kwa marekebisho ya mwaka 2019, kwa hiyo jambo hili si la Wamarekani peke yao.)

Kuna waliopinga. Februari 2021 Take-Two, kampuni yenye haki za gemu za GTA, ilipeleka notisi kwa GitHub, tovuti ya kuhifadhia msimbo wa programu, dhidi ya mradi wa re3, ambamo mashabiki walikuwa wameandika upya msimbo wa GTA III na Vice City, ile Vice City ambayo wengi wetu tuliijua kwenye kompyuta ya mtu mwingine kabla ya kuwa na ya kwetu. Baadhi ya watengenezaji wakatuma notisi ya kupinga, GitHub ikaurudisha mradi, na Septemba mwaka uleule Take-Two ikafungua kesi California. Pale ndipo waliposhtakiwa. Miezi yote iliyotangulia walikuwa wamelalamikiwa tu, na tofauti hiyo ndiyo iliyowapa nafasi ya kujibu.

Barua ya wakili nayo hujibika. Mashabiki wa gemu ya King's Quest, waliokuwa wakitengeneza gemu yao wenyewe, waliandikiwa mwaka 2005 na Vivendi, kampuni iliyokuwa na haki zake, wakazungumza nao, wakapewa kibali cha kuendelea kwa sharti kwamba jina King's Quest liondoke kwenye kichwa cha gemu. Mwaka 2010 Activision, waliokuwa wamerithi haki hizo, wakawazuia tena, kisha wakalegeza, na Julai mwaka huo sehemu ya kwanza ya gemu yao, The Silver Lining, ikatoka. Laiti wangeamini kwamba barua ni hukumu, wangefunga mafaili mwaka ule wa 2005.

Niguse jambo moja zaidi kwa sababu huja pamoja na hili. Wapo wanaosema kampuni "inalazimika kushtaki, la sivyo itapoteza hakimiliki." Hilo wamelichanganya na alama ya biashara. Jina au nembo inayoachwa itumiwe na kila mtu inaweza kweli kudhoofika, lakini hakimiliki haipotei kwa sababu mwenyewe alifumbia macho gemu ya shabiki. Kampuni inayoifuta gemu nzima imechagua kufanya hivyo. Sega, kampuni yenye gemu za Sonic, ilichagua vingine ilipomwita Christian Whitehead, aliyejulikana kwa kazi zake za kishabiki, na mwaka 2017 ikatoa gemu ya Sonic Mania aliyoiongoza. Na kesi ambayo Nintendo na The Pokémon Company walimfungulia mtengenezaji wa gemu ya Palworld mjini Tokyo Septemba 2024 si ya hakimiliki wala ya alama ya biashara. Ni ya hataza, yaani haki juu ya uvumbuzi wenyewe, na Palworld hata si gemu ya mashabiki.

Mpwa wangu alinisikiliza, kisha akauliza aseme nini badala yake. Nikamwambia: "Nintendo ilipeleka notisi, viungo vikaondolewa, Guasti akaacha." Na safari nyingine akisikia kwamba shabiki fulani ameshtakiwa, aulize kwa upole tu kesi imefunguliwa mahakama gani.