Kusikiliza vizuri hakukufanyi mwanasaikolojia

Ujumbe ni ule ule, anayebadilika ni mtumaji tu. "Watu wote hunifuata kunieleza shida zao, mimi ni msikilizaji mzuri, na nimepata nafasi ya kusoma saikolojia. Nikimaliza shahada naweza kufungua ofisi na kuanza kutibu?" Wiki hii umekuja tena, safari hii kutoka kwa mzazi anayemuulizia binti yake. Nimelijibu swali hili faraghani mara nyingi mno, sasa nalijibu hadharani.

Hapana. Shahada ya kwanza ya saikolojia haikupi ruhusa ya kumtibu mtu, na haikupi uwezo huo pia. Inakufundisha jinsi kumbukumbu inavyofanya kazi, mtoto anavyokua, kundi linavyombadilisha mtu, ubongo unavyopitisha taarifa, na zaidi ya yote jinsi ya kutilia shaka madai, yakiwemo ya kwako mwenyewe. Ni elimu nzuri sana, ila si mafunzo ya tiba.

Hilo la usikilizaji ndilo linalonichosha zaidi, kwa sababu linaanza kazi katikati. Kliniki ya kwanza ya kisaikolojia ilifunguliwa na Lightner Witmer mwaka 1896 katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania. Mgonjwa wake wa kwanza hakuja kulia. Alikuwa mvulana wa miaka 14 aliyeshindwa kuandika maneno kwa tahajia sahihi, akaletwa na mwalimu wake. Sehemu ya tatizo ilikuwa macho: alihitaji miwani. Witmer angeweza kumsikiliza mwaka mzima kwa huruma yote na mvulana yule asingesogea hatua moja. Kazi yetu inaanza na kupima. Mtu anayejikokota, asiye na hamu ya kitu, anayelala mno: ni sonona, ni tezi ya thairoidi, ile ya shingoni, inayofanya kazi kwa ulegevu, ni dawa anayotumia, au ni msiba ambao hajausema? Mtoto anayeitwa mvivu, je, anasikia vizuri?

Ndiyo maana unalazimishwa kusoma takwimu, somo ambalo wanafunzi hunililia kila mwaka. Watu huja kutafuta msaada wakiwa wamezidiwa, katika siku zao mbaya kuliko zote. Hali iliyofika kilele, kwa kawaida, hushuka yenyewe kuelekea wastani wake. Kwa hiyo ukimpima mteja leo na ukampima tena baada ya wiki sita, kuna uwezekano mkubwa utamkuta na nafuu hata kama hukufanya lolote la maana. Atakushukuru kwa dhati, nawe utaamini umemponya. Madaktari wa zamani waliokuwa wakiwatoa wagonjwa damu waliona wengi wakipona, na wakaendelea kuwatoa damu kwa karne nyingi. Bila kundi la kulinganisha hutajua tofauti kati ya tiba na muda. Anayeniambia kwamba anapenda watu lakini hapendi namba, namwomba afikirie upya. Hizo namba ndizo zinazowalinda watu hao dhidi ya nia yake njema.

Kuhusu leseni nitapita haraka, maana kila nchi ina sheria zake na inakubidi usome za nchi utakayofanyia kazi. Marekani, kwa kawaida, unahitaji uzamivu, mwaka wa mafunzo kwa vitendo, na mtihani wa taifa wa maswali 225, kisha jimbo lenyewe ndilo linalokupa leseni. Uingereza, tangu 2009, cheo cha mwanasaikolojia tiba kinalindwa kisheria na lazima usajiliwe, lakini jina "mwanasaikolojia" peke yake halilindwi, jambo ambalo linawachanganya wananchi hadi leo. Cheti cha Ulaya cha EuroPsy kinadai miaka mitano ya chuo na mwaka mmoja wa kazi chini ya msimamizi. Daktari wa magonjwa ya akili ni mtu mwingine: huyo kasomea udaktari kwanza, na ndiye anayeandika dawa, isipokuwa katika majimbo machache ya Marekani ambako mwanasaikolojia mwenye mafunzo ya ziada naye anaruhusiwa.

Njia hizi zinatofautiana kwa miaka na kwa vyeti, lakini zote zinadai kitu kimoja, nacho ndicho vijana hukiruka wanapouliza: kufanya kazi mbele ya mtu anayekusahihisha.

Chukua mfano huu, niliouunganisha kutokana na mambo ninayokutana nayo kila mara. Mwanafunzi analeta rekodi ya kikao, mteja akiwa ameridhia irekodiwe. Katikati ya mazungumzo mteja anasema, "Nimechoka. Kwa kweli nimechoka na kila kitu." Mwanafunzi anajibu upesi, kwa upole kabisa: "Pole sana. Umewahi kufikiria kuomba likizo?" Msimamizi anasimamisha rekodi, anairudisha nyuma, wanasikiliza tena. Mara ya pili mwanafunzi anasikia alichokipita: na kila kitu. Rafiki yeyote mwema angejibu alivyojibu yeye. Kilichotakiwa pale ni swali moja la wazi, bila kuzungukazunguka: "Unaposema umechoka na kila kitu, umefikia kuwaza kujiua?"

Wanafunzi wengi huogopa kwamba kuuliza hivyo kunampandikizia mtu wazo. Tafiti zilizolichunguza jambo hili hazijaona hivyo, na mara nyingi anayeulizwa hupumua, kwa kuwa hatimaye kuna mtu amelitaja. Baada ya hapo kazi ndiyo inaanza. Ana mpango? Ana njia ya kuutekeleza? Nani yuko naye nyumbani usiku huu? Utampigia nani kabla hajatoka mlangoni, na utaandika nini kwenye faili?

Msimamizi mzuri haishii kwenye swali lililokosekana. Anauliza kwa nini mwanafunzi aliliruka, na wakifukua pamoja wanakuta kwamba mwanafunzi mwenyewe aliingiwa na hofu, na akiwa na hofu hukimbilia kutoa ushauri. Kitabu hakiwezi kukuambia hilo kukuhusu wewe. Rafiki zako hawawezi pia, kwa sababu wao huo ushauri wako wanaupenda.

Ndiyo maana hasira hunipanda nikiona programu za mafunzo zinazohesabu saa za usimamizi tu. Mwanafunzi amekaa jengo moja na mtaalamu, mwisho wa mwezi fomu inasainiwa, saa zimetimia, na hakuna aliyesikia hata dakika moja ya vikao vyake. Saa za namna hiyo hazifundishi kitu. Huyo mwanafunzi atapata leseni na atabaki na makosa yake yote, tena sasa akiyafanya kwa kujiamini.

Sasa niseme ambacho vitabu vya kiada hukipitia kimyakimya. Ushahidi hauniungi mkono kikamilifu. Utafiti mmoja wa 2016 uliwafuatilia watibabu 170 na wateja wao zaidi ya 6,500, ukakuta kwamba kwa wastani watibabu hawakuwa bora kadiri miaka ilivyopita. Kama kulikuwa na badiliko, matokeo yalishuka kidogo sana. Utafiti mwingine wa mwaka huo huo ulipima mchango wa msimamizi katika nafuu ya wateja ukaona kwamba tofauti kati ya wasimamizi inaeleza chini ya asilimia 1. Hisia yangu ni kwamba sehemu kubwa ya kinachoitwa usimamizi ni mwanafunzi kusimulia kikao kwa kumbukumbu, na kumbukumbu huficha hasa pale alipokosea. Lakini hiyo ni hisia, na mimi ndiye niliyesema mtilie shaka madai.

Kuna zito kuliko hilo. Mwaka 2016 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanyika Harare, Zimbabwe, likiwa na washiriki 573. Wahudumu wa afya wa jamii, wasio na shahada ya saikolojia, walipewa mafunzo mafupi ya kumsaidia mtu kutatua matatizo yake hatua kwa hatua. Baada ya miezi sita, waliohudumiwa nao walikuwa na dalili chache za sonona na wasiwasi kuliko waliopata huduma ya kawaida iliyoboreshwa kidogo. Wanaoniandikia hunirushia mfano huu wakidhani umemaliza mjadala. Wasichokisema ni kwamba wahudumu wale walikuwa na dodoso la kupimia, utaratibu wa kufuata, wasimamizi, na mahali pa kumpeleka mtu aliye hatarini. Hawakuachwa na vipaji vyao. Hata hivyo nakubali kwamba mfano ule unahoji kama kila mteja anahitaji mtu mwenye uzamivu. Nadhani wengi hawamhitaji.

Na si lazima utibu. Wapo wanaopanga vipimo vya kuajiri, wanaochunguza jinsi watu wanavyotumia mashine, wanaofanya kazi na shule, magereza, mahakama, timu za michezo, na watafiti ambao hawajawahi kumwona mteja. Mwenye shahada ya kwanza hupokelewa vizuri penye rasilimali watu, ustawi wa jamii na uchambuzi wa data. Binti akigundua kwamba alichokipenda ni namba zenyewe, msimrudishe kwenye kochi la tiba.

Kwa mzazi aliyeniandikia: mwache aanze shahada, ila kabla ya kulipia uzamili wowote, mwende pamoja chuoni mkaulize mambo matatu. Je, bodi ya usajili ya nchi atakayofanyia kazi inaitambua programu hii, kwa maandishi? Vikao vya wanafunzi hurekodiwa au hutazamwa moja kwa moja, au husimuliwa tu? Msimamizi mmoja ana wanafunzi wangapi? Waombeni pia wawakutanishe na mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, na huyo mumuulize ni lini mara ya mwisho msimamizi wake alisimamisha rekodi.