Ripoti ya mtoto imesema 85: kabla hujashangilia, na kabla hujalia

Kila muhula ukifunguliwa, vituo vya tathmini ya elimu hapa Kenya, yaani EARC, hupata wageni wa aina moja. Mzazi ameshika ripoti ya kipimo cha uwezo wa kiakili wa mwanawe, namba moja imezungushiwa kalamu nyekundu, na swali lake ni moja tu: mtoto ana akili au hana? Siku hizi nyuma yao wanakuja walimu wakuu, nao wanauliza kama ni halali kumkataa mtoto mwenye namba kama hiyo. Majibu tunayotoa sisi wa EARC mezani ni yaleyale kila siku, hivyo ni afadhali yaandikwe mahali ambapo kila mtu atayasoma.

Tahadhari kwanza. Maelezo haya ni ya jumla. Hayachukui nafasi ya mazungumzo kati ya mzazi na mtaalamu aliyempima mtoto, na hayafai kutumiwa kupinga ripoti iliyokwisha kutolewa.

Ripoti nyingi tunazoletewa ni za WISC-V, kipimo cha watoto wa kuanzia miaka 6 hadi wanaokaribia kutimiza 17. Alama zake zimepangwa hivi: wastani ni 100 na mkengeuko sanifu, yaani kipimo cha jinsi alama zinavyotawanyika kuzunguka wastani, ni 15, kwa hiyo watoto kama 68 katika kila 100 huangukia kati ya 85 na 115, na walio chini ya 70 ni kama wawili tu. Lakini mzazi aliyekuzwa na mitihani yetu akiona 100 hudhani mtoto amepata yote. Akiona 85 hufurahi vilevile, maana 85 ya hisabati si mchezo. Akishuka mstari mmoja akakuta "pasentaili 16", furaha hukatika, na hapo simu yetu huanza kulia: imekuwaje mtoto apate asilimia 85 na asilimia 16 kwa kipimo kimoja? Hakuna asilimia yoyote hapo. Pasentaili 16 maana yake ni kwamba ukiwapanga watoto 100 wa umri wake kuanzia wenye alama za chini, yeye atakuwa karibu na nafasi ya 16. Haihusiani na idadi ya maswali aliyopata. Yuko upande wa chini wa kawaida, wala si mgonjwa wa lolote.

Kando ya kila alama huwa kuna namba mbili nyingine, kwa mfano 80 hadi 91. Hizo msizipite. Kila kipimo kina kosa lake, na kiwango hicho ndicho mtaalamu anachokiamini kweli. 85 imewekwa katikati kwa sababu watu hawapendi kuambiwa "kati ya". Ndiyo maana mwalimu anayesema Otieno wa 88 anamshinda Mwende wa 85 hajasema kitu.

Sasa ile namba ya jumla, inayozungushiwa kalamu. Sisi huitazama mwisho. Chukua mfano huu, nilioutunga ili usiwe wa mtoto wa mtu. Mvulana wa miaka tisa, yuko Gredi ya 4, anasimulia hadithi watu wazima wakanyamaza kumsikiliza, lakini daftari lake limejaa sentensi zilizokatika njiani. Uelewa wa maneno: 108. Kupanga maumbo kwa macho: 105. Kufikiri kwa mantiki: 103. Kumbukumbu ya kushika jambo huku akilifanyia kazi: 79. Kasi ya kazi: 77. Jumla: 97.

Watu wakisikia 97 husema yuko sawa, basi ni mvivu. Huo uvivu tunautafuta miaka na hatujauona kwenye ripoti hata moja. Kati ya 108 na 77 kuna pengo la alama 31, na jumla ya 97 imelifunika lote. Mwalimu anapomwambia darasani, "Toeni vitabu, ukurasa wa 34, andikeni tarehe, mfanye swali la pili na la tano", mtoto huyu akifika kwenye tarehe mengine yote yamekwisha kumtoka. Anaponakili ubaoni, hutazama, huandika herufi tatu, hutazama tena, hutafuta alipokuwa amefika, na mwalimu anafuta ubao yeye akiwa mstari wa pili. Nyumbani hutumwa dukani vitu vitatu akarudi na kimoja na chenji kamili. Swali likiulizwa kwa mdomo analijibu kabla ya wote. Mtoto huyu anahitaji kupewa agizo moja moja, maelezo yaliyochapwa badala ya kunakili, na muda wa ziada katika mitihani. Hilo la muda huombwa kupitia shule wakati wa kusajili watahiniwa wa KNEC, baraza la mitihani la taifa, pamoja na ripoti ya tathmini, wala si wiki ya mtihani kama wengi wanavyotufanyia.

Hata hivyo tusikimbie mbele. Alama hizo zinaonyesha mahali kazi inapokwama. Hazisemi kwa nini. Kumbukumbu ya 79 huweza kuonekana kwa mtoto mwenye disleksia, yaani ugumu wa kusoma na kuandika maneno, kwa mwenye ADHD, yaani ugumu wa kutulia na kuwa makini, kwa mwenye hofu, na kwa aliyechelewa kulala akaja bila chai. Sehemu moja ya kupima kasi hudumu dakika mbili, mtoto akinakili alama ndogondogo kwa penseli; anayependa kuandika vizuri, akifuta na kurudia, atapoteza alama kwa ustadi wake mwenyewe. Mtaalamu aliyeketi naye aliliona hilo na alipaswa kuliandika. Ndiyo maana kurasa za maelezo, zile ambazo wazazi huziruka, zina thamani kuliko jedwali. Kwenye WISC-V mtoto haombwi kusoma aya hata moja. Kwa hiyo ripoti inayosema "ana disleksia" bila kipimo cha kusoma, cha tahajia na cha kutenganisha sauti za maneno haijakamilika, hata kama imepigwa mhuri mara tatu. Zamani ilitakiwa pengo kati ya alama za akili na alama za kusoma ndipo mtoto akubaliwe kuwa ana tatizo la ujifunzaji. Mwongozo wa utambuzi wa Marekani, DSM-5, uliliacha sharti hilo mwaka 2013. Ripoti zinazoendelea kulitumia bado zinatufikia.

Na kabla ya yote hayo, macho na masikio. Mtoto asiyeona ubao hahitaji mwanasaikolojia, anahitaji miwani.

Lugha ndiyo inayotupa kazi kubwa kuliko yote. WISC-V ya Marekani ilisanifiwa kwa watoto 2,200 wa huko, na mtoto wa Ganze au Kakuma hakuwemo. Kuna sehemu ambapo mtoto husomewa tarakimu azirudie, ya mwisho ikawe ya kwanza. Tarakimu za Kiingereza kuanzia moja hadi tisa zina silabi moja moja, isipokuwa ile ya saba, "seven", yenye mbili. Zetu zote zina mbili. Mtoto anayesomewa kwa Kiswahili ana mzigo mrefu zaidi wa kushika kwa orodha ileile, lakini jedwali la kumhukumu ni la Kiingereza. Na anayesomewa kwa Kiingereza, ilhali kwao wanaongea Kigiriama, huanza kwa kutafsiri. Alama yake ya uelewa wa maneno inapima Kiingereza chake. Tunaomba kila ripoti itaje lugha iliyotumika, nani alitafsiri na kama majedwali ni ya nchi nyingine. Ikikosa hayo, mzazi ana haki ya kuuliza.

Wapo wanaosema basi vipimo hivi ni vya wazungu, tuvitupe. Hapana. Timu ya mwanasaikolojia wa Marekani, Robert Sternberg, ilifanya utafiti Usenge, hapa Kenya, kandokando ya Ziwa Viktoria, uliochapishwa mwaka 2001. Watoto waliojua zaidi dawa za miti shamba za magonjwa ya kwao walielekea kupata alama za chini katika vipimo vya msamiati na masomo. Hapo kipimo hakikudanganya. Kilipima kitu kimoja na kikaacha kingine. Mwaka uliofuata walichapisha kazi ya Bagamoyo, Tanzania. Watoto walipimwa, wakafundishwa kidogo namna ya kulishughulikia swali, wakapimwa tena. Waliofundishwa walipanda kuliko wasiofundishwa, na alama za pili zilieleza zaidi kuhusu uwezo wao kuliko za kwanza. Mtaalamu makini hufanya hivyo baada ya kumaliza kipimo rasmi, hata kwa dakika kumi, kisha huandika mtoto alishika upesi kiasi gani akielekezwa. Alfred Binet mwenyewe, aliyeanzisha vipimo hivi Paris mwaka 1905 akiwa na Théodore Simon, alitafuta watoto wa kusaidiwa, na aliwakemea walioamini kuwa akili ya mtu ni kiasi kisichoongezeka.

Kuhusu ulemavu wa akili: alama chini ya 70 peke yake haitoshi, na hakuna mwongozo wa kimataifa unaosema inatosha. Lazima pia tuone namna mtoto anavyojimudu, yaani anavaa, anavuka barabara, anajua pesa, anacheza na wenzake kwa sheria za mchezo. Mtoto aliyepata 66 kwa Kiingereza, na ambaye jioni anasimamia kibanda cha mama yake bila hesabu kupungua, hawezi kuandikwa ulemavu wa akili na mtu anayejua kazi yake. Kinyume chake pia hutokea: 74, lakini hajimudu. Huyo anahitaji msaada, na 74 isitumiwe kumnyima.

Tuje kwa shule. Kifungu cha 34 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 kinakataza shule ya umma kumpa mtoto mtihani wa kumkubali au kumkataa. Mtihani unaoruhusiwa ni wa kujua aanzie kiwango gani. Mwalimu mkuu anayedai "alama ya IQ", yaani hii ya uwezo wa kiakili, kabla ya kumsajili mtoto asome kifungu hicho kabla ya kutuandikia. Kifungu cha 36 kinapiga marufuku adhabu ya kimwili na unyanyasaji wa kiakili, na adhabu yake ni faini isiyozidi Sh100,000, au kifungo kisichozidi miezi sita, au vyote viwili. Hatutoi ushauri wa kisheria hapa, lakini kumsomea mtoto alama yake mbele ya darasa huenda kukaangukia humo.

Halafu kuna ripoti zinazosambazwa kwenye makundi ya WhatsApp. Ripoti ya mtoto ni data binafsi, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kifungu cha 33, inataka idhini ya mzazi au mlezi, na pia kwamba data itumike kwa manufaa ya mtoto. Idhini ya kupima si idhini ya kusambaza. Kamishna wa Ulinzi wa Data anaweza kutoza faini ya hadi Sh5 milioni au, kwa taasisi, asilimia moja ya mapato ya mwaka uliotangulia, ile iliyo ndogo. Makosa ya jumla chini ya sheria hiyo yana faini isiyozidi Sh3 milioni, kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote. Wanaodhani ni vitisho wakumbuke kwamba mwaka 2023 shule moja ilitozwa Sh4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Malalamiko hupelekwa kwa ofisi ya Kamishna huyo, na sheria inataka yachunguzwe na kumalizwa ndani ya siku 90. Mzazi anayetaka nakala ya ripoti aliyonyimwa aombe kwa maandishi, abaki na nakala ya ombi lenye tarehe. Kanuni za 2021 za sheria hiyo zinatoa siku saba za kumjibu.

Haki ya kurekebisha data nayo ipo, ila inaeleweka vibaya. Alama haibadilishwi kwa kuwa haikupendeza. Tarehe ya kuzaliwa iliyokosewa hubadilishwa, na ni lazima, maana majedwali ya WISC-V hupangwa kwa vipindi vya miezi minne minne ya umri. Mzazi aliyepunguza mwaka mmoja kwenye cheti ili mtoto aonekane mdogo shuleni anatuletea alama zilizopanda bure, na tatizo la mtoto likafichika. Tuambieni umri wa kweli. Hatuko hapo kuwashtaki.

Mtoto atathminiwe na mtu aliyesajiliwa chini ya Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia ya 2014, au na maafisa wa EARC. Ulizeni namba ya usajili, hakuna atakayekasirika isipokuwa asiyenayo. Njooni na cheti cha kuzaliwa, kitabu cha kliniki, matokeo ya macho na masikio, na madaftari ya muhula uliopita, hasa yale mabaya mnayoyaacha nyumbani kwa aibu. Kama mtoto amepimwa ndani ya mwaka mmoja uliopita, leteni ripoti hiyo badala ya kutaka kipimo kilekile kirudiwe. Na vile vipimo vya mtandaoni vya dakika kumi mnavyomfanyisha usiku wa kuamkia siku ya kupimwa havimsaidii. Tunavitambua mtoto anapoanza kujibu kabla hatujamaliza kuuliza, nasi huahirisha kipimo na kumpa tarehe nyingine.