Kabla Hujachoma Makaratasi ya Marehemu

Kila inapokaribia Juni 9, Siku ya Kimataifa ya Nyaraka, simu za ofisini kwetu, kwenye hifadhi ya nyaraka, huongezeka. Wapo wanaouliza picha za zamani tunanunua bei gani. Wapo wanaotaka tuwatolee hati ya kiwanja cha babu yao. Na wapo wachache, Mungu awabariki, wanaouliza swali lenye maana: mzee amefariki, chini ya kitanda kuna sanduku la bati limejaa makaratasi, tulifanye nini? Makala hii ni ya hao wa mwisho, ingawa itabidi niwajibu na wale wengine, maana wasipojibiwa hapa watapiga tena Jumatatu.

Wananchi wengi wanaamini historia ya Dar es Salaam imekaa mahali pamoja, imepangwa kwenye makabati, inasubiri kuombwa tu. Haiko hivyo, na si kwa sababu ya uzembe wa mtu mmoja. Jiji lenyewe limevunjwa na kuundwa mara nyingi kuliko watu wanavyokumbuka. Lilikuwa manispaa mwaka 1949, likapewa hadhi ya jiji Desemba 1961. Ikaja sera ya Madaraka Mikoani, halmashauri za miji zikafutwa, na Dar es Salaam ikakaa bila halmashauri yake kuanzia 1974 hadi serikali za miji ziliporudishwa 1978. Mwaka 1996 halmashauri ikavunjwa tena, ikawekwa Tume ya Jiji hadi 2000, ndipo zikaja manispaa za Ilala, Kinondoni na Temeke. Baadaye Ubungo na Kigamboni zikamegwa kutoka humo. Februari 2021 Halmashauri ya Jiji ikavunjwa na Ilala ikapandishwa kuwa jiji.

Kila hatua hapo ni kuhama, na asiyewahi kuhamisha masijala hajui kuhama ni nini. Majalada ya kazi zinazoendelea huchukuliwa kwanza. Yaliyobaki hufungwa kamba, huwekwa stoo, na stoo huvuja. Jalada la nyumba ya Magomeni lililofunguliwa enzi za mkoloni limepita mikononi mwa mamlaka nne au tano kabla ya kufika Kinondoni, kama limefika. Kwa hiyo mwananchi anapotuambia kwa ukali kwamba "serikali lazima itakuwa nayo", namwelewa, lakini aelewe naye kwamba serikali hiyo imebadilisha ofisi mara nyingi kuliko yeye alivyohama nyumba za kupanga.

Kilichohifadhiwa vizuri ni kingi, hasa cha serikali kuu. Majalada ya utawala wa Wajerumani yaliyo chini ya Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa yaliingizwa kwenye orodha ya UNESCO ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka 1997. Yapo ya Waingereza, vikiwemo vitabu vya wilaya ambamo mabwana shauri, yaani maofisa wa wilaya wa kikoloni, waliandika habari za machifu, mipaka na desturi kama walivyozisikia, na mara nyingine kama walivyozisikia vibaya. Hapa niseme jambo moja, nalisema kila mwaka: majalada ya Kijerumani yanahusu ardhi, mashamba, reli, kodi na barua za ofisi, tena mengi yameandikwa kwa mwandiko wa zamani ambao hata Mjerumani wa leo lazima ajifunze kuusoma. Hakuna ramani ya mali ambayo watu hudai Wajerumani waliifukia. Mtu anayekuja chumba cha kusomea na barua ya utambulisho inayosema anatafiti "historia ya ukoo", halafu siku nzima anauliza mapango na misalaba iliyochongwa kwenye mawe, anatupotezea muda na anajipotezea nauli.

Tukirudi mjini. Hata kwa yale yaliyopo, watafutaji wengi hukwama kwa sababu wanatafuta kwa majina ya leo. Kijana alikuja akitaka habari za duka la babu yake Samora Avenue miaka ya hamsini. Hakuna jalada la hamsini lenye neno Samora. Wakati huo barabara hiyo iliitwa Acacia Avenue, jina lililotoka kwa Wajerumani walioiita Unter den Akazien. Baada ya uhuru ikawa Independence Avenue, kisha ndiyo ikawa Samora. Mtaa wa Uhuru ulikuwa Kichwele. Lumumba ulikuwa New Street. Muulize bibi aliyekulia Kariakoo, atakupa majina hayo bila kushika karatasi. Andika anayokwambia, ndipo uje kwetu. Utafutaji wa wiki utaisha asubuhi moja.

Sasa, ambacho serikali haina kabisa ni maisha ya watu wenyewe. Yanga ilianzishwa 1935 na Simba 1936, na kati ya hapo na sasa zimepita timu za mitaa zisizo na idadi, ambazo daftari lao la vikao lilikaa kwa katibu hadi alipofariki. Dar es Salaam Jazz Band ilianza 1932. Picha za bendi za namna hiyo ziko kwenye albamu za familia. TANU iliyozaliwa Julai 7, 1954 ilikuwa na kadi, na kadi hizo wazee walizifunga kwenye leso. Hizo ndizo kumbukumbu za jamii ya mji huu, na ziko chini ya vitanda.

Watu hudharau vitu visivyo na sura ya historia. Wanatuletea gazeti la siku ya uhuru, ambalo tunalo, na wanachoma daftari la chama cha kuzikana, ambalo hatuna. Fikiria daftari kama hilo: kurasa za mistari, kalamu ya wino iliyopauka, jina la mwanachama, mtaa anaoishi, alichotoa, alichosaidiwa siku alipofiwa, nani aliondolewa kwa kutolipa. Hakuna ripoti ya mkoloni inayoweza kukuambia nani alikuwa jirani wa nani Gerezani au Ilala, walitoka wilaya gani, na waliitanaje. Daftari la upatu la akina mama nalo ni vivyo hivyo. Stakabadhi za kodi, risiti za fundi, kadi za mwaliko wa harusi, barua pamoja na bahasha zake. Tafadhali, bahasha zake. Watu hutupa bahasha au hubandua stempu kumpa mtoto, kumbe muhuri wa posta huonyesha tarehe na mahali barua ilikotoka, hata pale barua yenyewe haisemi.

Liko kosa lingine linalofanywa kwa nia njema, na ndilo linaloniuma zaidi. Familia ikikuta karatasi zenye herufi za Kiarabu hudhani zote ni aya za Kurani, na kwa heshima huzichoma au kuzizika. Hapo zamani watu wa pwani waliandika Kiswahili kwa herufi hizo: hesabu za duka, mkataba wa mnazi, barua kwa mke, utenzi. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina mkusanyo wa miswada ya namna hiyo. Kabla hujawasha kiberiti, mwite mwalimu wa madrasa akusomee mistari miwili. Ikiwa ni Kurani, fanyeni mnavyojua. Ikiwa ni "kwa mpenzi ndugu yangu, baada ya salamu", iwekeni.

Jinsi ya kuviweka, kwa ufupi. Usipige laminesheni. Narudia kwa sababu kila duka la stesheneri linalochipua lina mashine hiyo na wenyewe wanakwambia karatasi itadumu milele. Joto na plastiki vikishaungana na karatasi hakuna wa kuvitenganisha. Usibandike seloteipu. Ng'oa pini za stepla taratibu, maana hushika kutu na kutoboa. Weka kwenye bahasha za khaki au boksi safi, juu ya kabati, si sakafuni, mbali na ukuta unaovuja, na mfuko wa plastiki si mahali pa karatasi katika mji wenye joto na unyevu kama huu.

Ukitaka kukabidhi, utaratibu ndio huu na hauna njia ya mkato. Usilete sanduku mlangoni bila taarifa. Kwanza andika barua fupi ukieleza una nini, cha nani, cha miaka gani takriban. Pili, mtaalamu atakuja kuangalia au atakuomba picha, na anaweza kukataa; kukataa si dharau, huenda tunavyo tayari. Tatu, ni lazima familia iafikiane. Tumeshapokea vitu kutoka kwa mtoto wa kwanza, akaja wa pili na wakili. Kwa hiyo tunataka sahihi ya msimamizi wa mirathi au muhtasari wa kikao cha familia. Nne, mtachagua: zawadi, maana yake vinakuwa mali ya hifadhi moja kwa moja, au amana, maana yake vinabaki vyenu nasi tunavitunza kwa masharti yaliyoandikwa. Tano, mnaweza kuomba sehemu fulani isifunguliwe kwa umma kwa muda. Hilo ni la busara zaidi tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilipoanza kutumika Mei 1, 2023, kwa sababu barua za marehemu hutaja magonjwa, madeni na watoto wa watu ambao bado wapo hai. Sita, hakuna malipo. Mtu akikuomba hela ili karatasi zako "zipitishwe", au akikuahidi mamilioni, huyo si mwenzetu.

Yanahitajika maneno mazito kidogo kuhusu karatasi za ofisi. Siku moja nilinunua karanga kituoni. Kikaratasi kilichozungushiwa kilikuwa na maandishi ya mashine ya chapa, namba ya folio (namba ya karatasi ndani ya jalada) pembeni, na nusu ya muhuri wa mviringo. Nilikikunjua pale pale: orodha ya majina na namba za viwanja. Nikamuuliza muuzaji amepata wapi, akasema kilo kwa kilo, kutoka kwa mtu anayesafisha stoo. Sikupata zaidi ya karatasi tatu; nyingine zilishaliwa karanga zake.

Ieleweke kwamba chini ya Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa Na. 3 ya mwaka 2002, kumbukumbu za ofisi za umma, zikiwemo za serikali za mitaa, si takataka za ofisi husika. Haziteketezwi kwa sababu stoo imejaa au bosi mpya anataka chumba. Kwanza ofisi iwe na mwongozo wa kuhuisha na kuteketeza kumbukumbu. Majalada yaorodheshwe moja moja, si "magunia kumi ya makaratasi". Yanayostahili kudumu yatengwe. Orodha ipelekwe kwa Mkurugenzi wa Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, na kibali kitoke kwa maandishi kabla ya moto kuwashwa. Kuharibu, kuficha au kuondoa kumbukumbu za umma bila idhini ni kosa la jinai, na mtumishi anaweza kukabiliwa na hatua za nidhamu juu ya hilo. Kusema "nilitumwa nisafishe" hakumsaidii mtu.

Kwa familia, tusiogopeshane. Ukikuta kwenye sanduku la mzee aliyekuwa karani majalada yenye mihuri, hatuji na polisi. Tunachoomba ni yarudi. Usiyauze, usiyagawe, usiyachambue kwa kubakiza yenye picha. Funga kama yalivyo, kwa mpangilio ule ule alioacha yeye, tupigie.

Kuhusu kusoma, kumbukumbu za umma hufunguliwa baada ya miaka 30, na yapo ya kipekee yanayobaki yamefungwa kwa sababu maalumu. Njoo na kitambulisho na barua ya utambulisho. Mtafiti wa kutoka nje ya nchi aanzie COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia. Penseli tu mezani, kalamu ya wino inabaki mapokezi, na ndiyo, hata kama wewe ni profesa. Nakala iliyothibitishwa unaweza kupewa, lakini haitamtoa mtu kwenye kiwanja. Sisi tunasema karatasi hii ni ya kweli na ilikuwa kwenye jalada fulani. Nani mmiliki wa ardhi ni kazi ya ofisi ya ardhi na mabaraza.

Na picha. Usiku wa leo, kabla ya barua na kikao cha familia, zigeuze. Kwa penseli laini, nyuma, bila kukandamiza, andika nani, wapi, lini. Mkalishe shangazi karibu wakati unaandika, na msiharakishe. Kama wa tatu kutoka kushoto, yule mwenye tarbushi na mkono juu ya baiskeli, hajulikani na yeyote aliye hai, andika hivyo hivyo: hajulikani, ameulizwa shangazi, na tarehe ya leo.