Tairi Pacha kwenye Pikapu ya Zamani: Yanayoaminiwa na Yaliyo Kweli

Chevrolet C-10 za 1967 hadi 1972 ni miongoni mwa pikapu za Kimarekani zinazopendwa sana na wafufuaji wa magari ya zamani, na baadhi yao huzibadilisha ili ziwe na magurudumu mawili mawili kila upande wa nyuma. Mabadiliko hayo hulipa gari umbo la kibabe, na umbo hilo ndilo linalowafanya watu waamini kwamba gari limepata nguvu ambazo kwa kweli halina.

Dhana: tairi nne nyuma huongeza uwezo wa kubeba mzigo maradufu.

Hii ndiyo dhana iliyoenea na yenye hatari kubwa kuliko zote. Hata tukiziangalia tairi peke yake, hesabu haikubali. Tairi ya LT235/85R16, ambayo ni ya kawaida kwenye pikapu za tani moja (daraja la Kimarekani la pikapu nzito), huandikwa 120/116 ubavuni: namba ya kwanza ina maana ya kilo 1,400 tairi ikiwa peke yake, na ya pili kilo 1,250 ikiwa imefungwa na pacha wake, kwa sababu tairi mbili zilizo sambamba ni nadra kugawana uzito sawasawa. Mbili za kawaida hubeba kilo 2,800. Nne za pacha hubeba 5,000, si 5,600.

Lakini tairi si hoja kuu. Mzigo ambao gari linaweza kubeba kwa usalama huamuliwa na kile kilicho dhaifu zaidi kati ya tairi, rimu, beringi, ekseli, springi, breki na chesi, na C-10 iliundwa tangu mwanzo kuwa gari la daraja la nusu tani, yaani pikapu nyepesi. Katika ekseli yake, shafti inayozungusha gurudumu ndiyo hiyo hiyo inayobeba uzito wa gari, ikiegemea beringi moja tu upande wa nje. Ikivunjika, gurudumu linaweza kuchomoka nayo. Ekseli ya tani moja ya General Motors, kampuni mama ya Chevrolet, ile inayotambulika kwa bolti 14 za kifuniko cha difu, imejengwa kwa namna nyingine kabisa: uzito hukaa juu ya bomba la ekseli kupitia beringi mbili ndani ya habu (kitovu cha gurudumu), na shafti haina kazi nyingine ila kuzungusha, kiasi kwamba fundi anaweza kuichomoa gari likiwa limesimama juu ya tairi zake. Mwenye kuongeza magurudumu bila kubadili ekseli, springi, breki na chesi amebadili sura ya gari, wala hapaswi kulipakia kilo moja zaidi ya zile zilizoruhusiwa na kiwanda.

Dhana: adapta za kufunga kwa bolti hufanya kazi ile ile kama ekseli kamili.

Adapta, yaani kipande cha chuma kinachofungwa kati ya habu na rimu, husogeza uzito mbali na beringi, na kadiri unavyosogea nje ndivyo shafti inavyozidi kupindwa. Isitoshe, C-10 za 1967 hadi 1970 zina bolti sita kwa kila gurudumu, na za 1971 na 1972 zina tano, ilhali habu za tani moja zina nane, kwenye duara la milimita 165.1. Kwa gari la maonyesho lisilobeba kitu, adapta nzuri iliyokazwa vizuri inaweza kuvumilika. Kwa gari la kuvuta trela, mimi nisingekubali.

Njia ninayoiona kuwa ya busara ni kuinua kabini na bodi ya C-10 na kuviweka juu ya chesi ya C-30, pikapu ya tani moja ya Chevrolet, ya 1973 hadi 1987. Ni kazi ngumu, kwani C-10 nyingi zina koili springi nyuma, na vishikizo vya chesi hizo mbili havilingani. Lakini mwenye gari hupata kwa pamoja ekseli, breki, springi na habu za mbele zinazostahili. Faida nyingine ni kwamba rimu ya aina moja hutumika sehemu zote sita, ile ya nje nyuma ikiwa imegeuzwa tu, hivyo tairi moja ya akiba inatosha. Tahadhari iwekwe kwenye uwiano wa gia za difu: ukibadilika kutoka 3.07 hadi 4.10, injini iliyokuwa ikizunguka mara 2,000 kwa dakika itazunguka karibu 2,670 kwa mwendo ule ule, ikiwa kipimo cha tairi hakikubadilika.

Dhana: pikapu yenye tairi pacha ni ubunifu wa mafundi wa mtaani.

Sivyo. Ford Model AA ya mwaka 1930 ilipatikana ikiwa na magurudumu pacha nyuma, ingawa hiyo ilikuwa lori, na General Motors walianza kuuza pikapu ya C-30 ya namna hiyo mwaka 1973.

Dhana: tairi moja ikipasuka, nyingine itakufikisha.

Itakufikisha pembeni mwa barabara. Iliyobaki hubeba uzito wa mbili, hupata joto, na huweza kupasuka nayo. Tatizo huanza kabla ya hapo: tairi ya ndani haionekani vizuri na valvu yake ni ngumu kufikia, kwa hiyo upepo wake hupungua bila mwenye gari kujua. Tairi hutanuka chini zinapolemewa, na zikigusana husuguana hadi kuharibika. Nafasi kati yake ipimwe gari likiwa limepakiwa. Kwenye matope na theluji, gari tupu lenye tairi nne nyuma hushika ardhi vibaya zaidi kwa kuwa uzito mdogo umetandazwa juu ya eneo kubwa.

Dhana: taa ndogo za juu ya kabini ni urembo.

Nchini Marekani, kanuni za usalama zinadai magari mapya yenye upana wa milimita 2,032 au zaidi yawe na taa za kuonyesha upana, na madigadi ya tairi pacha huvuka kipimo hicho kwa urahisi.