Nani kasema wimbo wa harakati umekufa?

Yakianza mazungumzo kuhusu muziki wa siku hizi, hakosi mtu wa kuguna: wasanii wa zamani walikuwa na ujumbe, hawa wa leo wanajua mapenzi na magari tu. Nami nilikuwa mmoja wa hao wanaoguna. Kilichonigeuza ni kufuatilia nyimbo ambazo waandamanaji wameimba miaka hii ya karibuni: zilitoka wapi, nani alizichagua, na walioziimba yamewafika yapi.

Dhana: Nyimbo za kupinga dhuluma zilizikwa na kizazi cha magitaa

Septemba 2022, Mahsa Amini, binti wa miaka 22, alifariki akiwa mikononi mwa polisi wa maadili nchini Iran. Watu wakajaa mitaani. Mtandaoni nako wakawa wanaandika sababu za hasira yao, kila moja ikianza na neno la Kifarsi "baraye", yaani kwa ajili ya. Mwimbaji kijana, Shervin Hajipour, akaziokota sentensi hizo, akazipanga mstari kwa mstari, akaziimba na kuziweka Instagram. Zikatazamwa mara mamilioni kwa siku mbili tu, na kabla wiki haijaisha mwenyewe alikuwa ameshakamatwa. Februari 2023 wimbo huo ukapewa Grammy ya wimbo wa mabadiliko ya kijamii, tuzo iliyokuwa inatolewa kwa mara ya kwanza.

Cuba nayo ilikuwa na wake. Mwaka 2021 wanamuziki kadhaa, wengine wakiwa kisiwani na wengine uhamishoni, walikichukua kile kiapo cha mapinduzi, "nchi au kifo", wakakipindua kikawa "Patria y Vida", nchi na uhai. Julai mwaka huohuo watu waliingia barabarani wakiyapiga mayowe maneno hayohayo.

Kwa hiyo nyimbo zipo. Kisichokuwepo tena ni baraza moja la kuzisikilizia. Zamani stesheni za redio zilikuwa chache, na wimbo ukishapita hapo nchi nzima imeusikia, upende usipende. Leo kila mtu ana simu yake na programu inayomchagulia kufuatana na alichosikiliza jana. Asiyewahi kutafuta wimbo wa siasa hataletewa. Kisha anakuja kutuambia haupo!

Dhana: Wimbo wa harakati lazima uwe na maneno ya siasa

Hapa ndipo wengi tunapopotea, kwa sababu tunautafuta wimbo kwenye karatasi ya mashairi badala ya kuutafuta barabarani.

Juni 2024, vijana wa Kenya walipoandamana kuupinga Mswada wa Fedha, wimbo uliovuma kuliko mingi ulikuwa "Anguka Nayo" wa Wadagliz. Ni wimbo wa kucheza. Haukutungwa kwa ajili ya kodi wala Bunge, lakini una mdundo unaomwinua mtu na mtindo wake wa kucheza ulishazoeleka, na umati ukauchukua ukaufanya wake. Wimbo wa aina hiyo una faida ambayo risala haina: aliyefika dakika hii anauingia bila kufundishwa. Rais alitangaza tarehe 26 mwezi huo kwamba hatautia saini mswada. Sisemi ni kwa sababu ya wimbo. Siku moja kabla yake watu walikuwa wamelivamia Bunge, na wengine waliuawa.

Belarus, mwaka 2020, umati uliimba wimbo wa Kirusi wa miaka ya 1980 kuhusu kutaka mabadiliko. Mwimbaji wake, Viktor Tsoi, alikuwa ameshafariki miaka 30 nyuma. Mafundi mitambo wawili waliupiga jijini Minsk kwenye tamasha lililoandaliwa na serikali yenyewe, wakafungwa siku 10. Nikikumbuka kisa hicho hucheka kwanza, kisha nanyamaza.

Na Chile? Víctor Jara aliuawa Septemba 1973, siku chache baada ya jeshi kupindua serikali, katika uwanja wa michezo ambao leo unaitwa kwa jina lake. Miaka miwili kabla alikuwa ametoa wimbo kuhusu haki ya kuishi kwa amani, akiwa na Vietnam moyoni. Oktoba 2019 nauli ya treni za chini ya ardhi mjini Santiago ilipandishwa kwa peso 30, malalamiko ya nauli yakageuka kuwa malalamiko ya kila kitu, jeshi likapelekwa mitaani, na wimbo huohuo wa Vietnam ukarudi midomoni mwa watu ambao wengi wao hawakuwa wamezaliwa alipouawa mtunzi. Mtunzi hutunga alichotunga, lakini ni umati unaoamua lipi litaimbwa mbele ya askari.

Dhana: Kuufungia wimbo ni kuutangaza

Wakati mwingine ni kweli kabisa. Machi 2017 nchini Tanzania, Nay wa Mitego alikamatwa na wimbo wake "Wapo" ukafungiwa. Haikupita muda Rais Magufuli akaagiza aachiwe na wimbo upigwe. Tangazo gani la biashara lingefikia hapo?

Lakini kuufanya mfano huo kanuni ni kujidanganya. Wimbo wa waandamanaji wa Hong Kong wa mwaka 2019 ulitungwa na mtu aliyeficha jina, na maneno yake yakarekebishwa na watu wengi mtandaoni. Hakukuwa na mwimbaji wa kumkamata. Serikali ikaenda mahakamani. Mei 2024 Mahakama ya Rufaa ikatoa amri ya kuuzuia, na YouTube ikazifunga video zake kadhaa zisionekane huko Hong Kong. Siku hizi anayefungia wimbo hana haja ya kukusanya kanda sokoni. Anazungumza na kampuni inayohifadhi muziki, na wimbo unatoweka kwenye simu za watu bila mlango wa mtu kugongwa.

Dhana: Wasanii wa sasa wanatafuta umaarufu tu, hakuna wanachohatarisha

Toomaj Salehi, mwanamuziki wa rap wa Iran, alihukumiwa kifo Aprili 2024. Mahakama Kuu ikaitengua hukumu hiyo miezi miwili baadaye, naye akatoka gerezani Desemba. Maykel Castillo, mmoja wa sauti za ule wimbo wa Cuba, alikuwa kizuizini wimbo uliposhinda tuzo mbili za Latin Grammy mwaka 2021, na mwaka uliofuata akapewa kifungo cha miaka 9. Misri, Shady Habash hakuimba neno hata moja. Aliongoza video ya wimbo uliomkejeli rais, akakaa rumande zaidi ya miaka miwili bila kesi kusikilizwa, akafia gerezani Mei 2020. Orodha hii ni ndefu, na sitaki kuiendeleza.

Dhana: Muziki wa kupinga daima uko upande wa haki

Hapana. Simon Bikindi wa Rwanda alikuwa mwanamuziki mwenye kipaji na mwenye hadhira. Nyimbo zake zilitumiwa kuchochea chuki dhidi ya Watutsi, na mwaka 2008 mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha ilimhukumu miaka 15. Kilichomfunga, kwa mujibu wa hukumu, ni maneno aliyoyatoa kwa kipaza sauti akiwa kwenye gari mwaka 1994. Kwa nyimbo zenyewe hakutiwa hatiani. Mdundo haukagui unachobeba.

Dhana: Wimbo ni kelele tu, hauna linalobadilika

Dhana hii ina ndugu yake pacha, kwamba wimbo huangusha serikali. Nchini Burkina Faso, wanamuziki Smockey na Sams'K Le Jah walikuwa kati ya waliounda vuguvugu la Balai Citoyen, ufagio wa raia, mwaka 2013. Mwaka uliofuata Blaise Compaoré akaondoka baada ya miaka 27 madarakani. Nyimbo ziliwaita watu, ila kazi ilifanywa na mikutano na watu waliokwenda barabarani siku ilipofika. Uganda, Bobi Wine alijaza viwanja, akaingia bungeni mwaka 2017, akagombea urais Januari 2021, na aliyetangazwa mshindi ni Museveni. Umati wa tamasha si kura.

Lakini wanaodai ni kelele tu wamtazame tena Hajipour. Mwaka 2024 mahakama ilimhukumu zaidi ya miaka mitatu jela kwa wimbo wake. Katika hukumu hiyohiyo ikamwamuru atunge wimbo mwingine, huu uwe kuhusu makosa ya Marekani.