Uchujaji wa intaneti ni nini?

Uchujaji wa intaneti ni kuzuia baadhi ya tovuti zisifunguke kwenye mtandao wa mahali fulani, kama maabara ya kompyuta shuleni au maktaba ya umma. Aghalabu hulengwa ponografia na kamari. Mitandao ya kijamii nayo hufungwa, mara nyingine si kwa ajili ya maadili bali kwa sababu video humaliza bando la wote.

Njia rahisi ni ya majina. Ukitaka kufungua tovuti, kompyuta huuliza kwanza anwani yake kwa mfumo uitwao DNS. Shule ikielekeza maswali hayo kwa huduma ya kuchuja, jina lililopigwa marufuku halipewi anwani. Kampuni ya Cloudflare ilizindua huduma ya bure ya aina hii mwaka 2020, na mtu wa IT huiweka kwenye ruta kwa dakika chache. Ni kama soja wa getini mwenye daftari la majina: mgeni akiruhusiwa, mzigo wake haukaguliwi.

Njia nyingine hupima maneno ya ukurasa kwa orodha ya yaliyokatazwa, na vituko viko hapa. Mwaka 1996 wakazi wa Scunthorpe, Uingereza, walikwama kujisajili AOL, kampuni ya huduma za intaneti, kwa kuwa ndani ya jina la mji wao mna herufi zinazounda tusi. Hapa Nairobi, mwanafunzi wa Kaloleni anayesoma kuhusu saratani ya matiti kwa Kiingereza anaweza kufungiwa, huku matusi ya Sheng yakipita kifua mbele. Aliyeandika orodha hajawahi kupanda matatu ya Eastlands.

Marekani, sheria ya CIPA ya mwaka 2000 huzidai shule na maktaba zinazopokea ruzuku fulani za serikali za intaneti ziweke vichujio. Mahakama ya Juu iliiidhinisha mwaka 2003, majaji wakizingatia kwamba mtu mzima anaweza kumwomba mkutubi akizime. Kwangu mimi, hicho ndicho kipengele cha kuulizia kwanza katika maktaba zetu, ambamo mtoto wa darasa la nne na wakili huketi meza jirani: ukurasa ukizuiwa kimakosa, nani ataufungua, na leo hii? Kama ni fundi wa kampuni anayepita mara moja kwa muhula, yule mwanafunzi ataazima simu ya mwenzake na kumalizia kazi yake kwa data isiyochujwa na yeyote.