Mkanda wa Kamera Haukatikii Katikati

Wiki iliyopita kijana mmoja mpiga picha za harusi aliniletea mkanda wa kamera aliojishonea mwenyewe, siku mbili baada ya kamera yake kuanguka kwenye ngazi za ukumbi. Baada ya shikamoo na marahaba aliuweka mezani na kusema, "Fundi, mimi sielewi, kwa sababu mkanda huu unaweza kuvuta gari." Alisema kweli. Ulikuwa wa ngozi ya ng'ombe yenye unene wa karibu milimita 4, umeshonwa mistari miwili kwa uzi uliotiwa nta, na haukuwa na hata mkwaruzo. Kilichoachia ni kipete cha funguo, kile cha waya uliozungushwa mara mbili, alichokitia kwenye tundu la mkanda la kamera kwa kuwa ngozi nene kiasi kile haikuweza kupita. Nilikishika kwa koleo nikakisogeza karibu na taa: ncha ya waya ilikuwa imeinuka kiasi cha kuingiza ukucha, na kamera ilikuwa imetambaa humo taratibu kila ilipogeuka begani, hadi ikatoka.

Nimekwisha kueleza jambo hili mara nyingi mno, kwa hiyo leo naliandika. Watu huamini kwamba usalama wa mkanda uko kwenye unene wa kitu ulichotengenezewa, na kwa imani hiyo hutafuta ngozi nene, kamba ya kukwea milima, au kamba ya parashuti inayouzwa kwa sifa ya kubeba pauni 550, yaani karibu kilo 250. Hebu tupige hesabu. Bodi ya kamera, yaani kamera yenyewe bila lenzi, yenye gramu 700 ikifungwa lenzi kubwa ya kuvuta mbali, ile ya 70-200 yenye f/2.8, ambayo ni ya kilo moja na nusu hivi, inatupa kilo 2.2. Hata fundo likiinyang'anya kamba ile nusu ya nguvu zake, na mafundo hufanya hivyo, bado inabaki na uwezo wa zaidi ya mara 50 ya mzigo wenyewe. Kamba si tatizo, wala haijawahi kuwa tatizo. Katika mikanda yote iliyoangusha kamera ambayo imepita mikononi mwangu, sijaona hata mmoja uliokatikia katikati. Yote iliachia mwishoni: pete ilifunguka, fundo lilitambaa, bizimu ya plastiki ilipasuka, mshono uliokuwa ukibeba mzigo peke yake ulifumuka, au mkia wa mkanda uliteleza ukatoka kwenye bizimu.

Ndiyo maana mkanda wangu wa bei nafuu huanzia kwenye tundu la kamera. Kamera nyingi zina nafasi nyembamba inayopokea utepe wa upana wa milimita 10 hivi, na utepe huo ndio mkanda wenyewe. Kila kinachoongezwa baadaye ni mto wa bega na pambo. Chukua utepe mmoja usio na kiungo, wa urefu wa sentimita 170 kwa mtu wa kimo cha kawaida anayevaa kamera kimshazari, uende wote mzima kutoka tundu moja hadi la pili. Ukifanya hivyo hakuna mshono hata mmoja unaobeba kamera. Wanaounga utepe mwembamba kwenye mkanda mpana kila upande, kama ilivyo mikanda mingi ya dukani, wanalazimika kutegemea mishono miwili, na mshono wa cherehani ya nyumbani yenye sindano ndogo na uzi wa pamba si kitu cha kutegemea, kwa sababu uzi wa pamba huoza kwa jasho na hautoi dalili mapema.

Utepe uwe wa poliesta. Nailoni nayo ni imara, lakini hunywa maji na kunyumbuka zaidi, na jua huichosha haraka kuliko poliesta. Polipropilini, ambayo ndiyo imejaa kwenye mabegi ya bei ya chini, huharibiwa na jua vibaya sana isipotiwa dawa ya kuizuia, na hakuna muuzaji atakayekuthibitishia kwamba imetiwa. Kuitambua ni rahisi: kata kipande, kizamishe kwenye kikombe cha maji yenye sabuni kidogo, ukikamue humo humo mpaka mapovu ya hewa yaishe, kisha ukiachie. Polipropilini huelea, poliesta na nailoni huzama.

Sasa nafika kwenye jambo linaloniudhi kuliko yote, nalo ni namna watu wanavyopitisha utepe kwenye bizimu ya kurekebishia urefu, ile bapa yenye nafasi mbili na kijiti katikati. Wengi hupitisha mkia mara moja tu, wakaona umeshika, wakaondoka. Umeshika kwa sababu kamera imetulia. Ukianza kutembea, kila hatua huulegeza utepe na kuukaza tena, na kila unapolegea mkia hurudi nyuma kidogo, pengine chini ya milimita moja. Harusi moja ina hatua maelfu.

Njia sahihi ni hii. Tia utepe kwanza kwenye bizimu, kisha kwenye kipete kidogo cha kuhifadhia mkia, ndipo uingie kwenye tundu la kamera ukitokea nje kwenda ndani. Urudishe kupitia kipete kilekile, halafu mkia uingie kwenye bizimu chini ya ule mzunguko wa kwanza, upande kijiti na kushuka tena, ili ukae kati ya kijiti na utepe unaobeba. Hapo uzito wa kamera ndio unaoubana mkia: kadiri mzigo unavyoongezeka, ndivyo mbano unavyozidi. Acha mkia wa sentimita 5 au 6 upande wa pili. Wale wanaokata mkia karibu kabisa na bizimu ili mkanda upendeze huwa nashindwa kuwavumilia, kwa sababu wanakata akiba pekee waliyokuwa nayo.

Bizimu yenyewe ijaribiwe kabla ya kulipwa. Ipinde kwa vidole: ya plastiki nzuri hukunjika kidogo na kurudi, mbovu hutoa sauti kavu na kuonyesha mstari mweupe. Ukipata ya chuma isiyo na makali, chukua hiyo. Kwa kamera ambazo tundu lake ni la mviringo, tumia pete ya pembetatu iliyotengenezewa kamera, pamoja na kipande chembamba cha ngozi nyuma yake kisichoruhusu chuma kukwaruza bodi. Kipete cha funguo kiachiwe funguo. Na wanaofunga mkanda kwenye tundu la stendi lililo chini ya kamera, lile la robo inchi, wakumbuke kwamba skrubu hulegea kwa kuzungushwa na kwamba kamera inayoning'inia haiachi kuzunguka.

Mto wa bega ni kazi ya saa moja. Utepe wa milimita 10 ukikaa peke yake hukata shingo, kwa hiyo mimi huweka chini yake kipande cha mkanda wa usalama wa gari, ambao ni wa poliesta na una upana wa karibu milimita 47, urefu wa sentimita 45. Mafundi wa viti vya magari huuza vipande. Hata kama umetoka kwenye gari lililogongwa, hapa haujalishi, kwa sababu haubebi kitu. Juu yake huvalisha kanga iliyokunjwa mara mbili, nikichagua pindo ili mistari ifuate urefu wa mkanda, kisha napiga mishono miwili kandokando ya utepe, bila kuutoboa, ili usihame ndani ya mfuko wake. Kanga, utepe na bizimu mbili, ukiwa na kanga kuukuu nyumbani, havizidi bei ya sahani ya chipsi mayai.

Kuna mambo mawili ambayo bado hayajaniridhisha. La kwanza ni ncha ya utepe. Vitabu vyote vinasema ichomwe kwa kiberiti isifumuke, nami huichoma, lakini ile kingo ngumu inayobaki imewahi kunikwaruzia utepe wenyewe ndani ya bizimu, na siku hizi huisugua kwa msasa bila kujua kama ninaponya au nachelewesha tu. La pili ni mto: mkanda wa gari husambaza uzito vizuri mwezi wa kwanza, halafu hujikunja katikati ukawa kama mfereji, na utepe ukarudi kukaa juu ya mfupa. Nimejaribu kuongeza ngozi nyembamba. Inasaidia, ila begani inakuwa na joto, na kwa jua la Dar es Salaam mwezi wa Januari sijui nani atanishukuru.

Kabla ya kamera kuguswa, mkanda ubebe dumu la lita 5 lililojaa maji, yaani kilo 5, zaidi ya mara mbili ya mzigo wetu. Chora mstari kwa kalamu ya wino usiofutika mahali mkia unapotokea kwenye bizimu, pande zote mbili. Ning'iniza dumu usiku kucha, asubuhi lirushe juu kidogo na kuliachia lishtuke mara 20, chini kukiwa na godoro. Mstari ukibaki pale pale, funga kamera. Usiufute mstari huo. Kila unapotoka kwenda kazini, geuza mkanda uutazame, na ukiuona umesogea hata milimita 2, vua kamera upitishe utepe upya ungali nyumbani.